Namba ya Bao ni Witiri: Ukurasa wa Hisabati Usifutwe

Katika toleo lililopita mwanachama mwenzetu alitoa rai kwamba jarida hili liache kabisa kuwa na ukurasa wa Sayansi na Hisabati. Alitoa sababu mbili. Kwanza, ukurasa huo umepita matoleo matatu bila makala hata moja, na hilo hatulipingi. Pili, alisema Kiswahili ni lugha ya ushairi, methali na habari, na kwamba mtu anayetaka kusema jambo la maana kuhusu namba hana budi ahamie Kiingereza. Kamati ya chama italijadili pendekezo hilo katika mkutano ujao. Tumesikia kwamba wengi wanaliunga mkono, wakiwamo walimu wetu wawili watatu tunaowaheshimu sana.

Sisi ni wanachama watatu tulioko masomoni Birmingham, Uingereza, kwa mwaka huu. Mikono yetu haitaonekana ukumbini siku ya kupiga kura, kwa hiyo tunaleta hoja kwa maandishi. Hatutazungumzia uwezo wa Kiswahili kwa jumla, maana hotuba za namna hiyo tumezisikia kila Julai 7, keki ikisubiri kukatwa. Tumechagua namba moja tu. Ina tarakimu 25, si namba tasa, na imetoka katika mchezo ambao nusu ya wasomaji wetu wanaujua tangu utotoni. Tutaieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na msomaji ahukumu mwenyewe ni wapi lugha ilituangusha.

Tunapanga nyumba Winson Green, mtaa ulio upande wa magharibi wa katikati ya jiji. Waingereza wengi wanaujua mtaa huu kwa sababu ya gereza lake, ambalo limekuwapo tangu mwaka 1849. Sisi tumeuzoea kwa mengine: mfereji wa zamani wa mashua za mizigo, kituo cha tramu, na ukumbi mdogo ambamo kila Jumamosi asubuhi familia zinazozungumza Kiswahili huwaleta watoto wao. Wazazi wanatoka Kongo ya mashariki, Tanzania, Kenya na Burundi, na kila mmoja ana Kiswahili chake. Walituomba tuwafundishe watoto salamu, nyimbo na hadithi za sungura na fisi, basi. Hisabati, walisema, wanaipata shuleni. Lakini pembeni mwa ukumbi kuna ubao wa bao ambao mzee mmoja wa Tanga aliubeba hadi huku pamoja na mfuko wake wa komwe, na mahali penye ubao wa bao hesabu haziwezi kukaa nje.

Kwa asiyelijua, bao lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Safu mbili ni zangu, mbili ni zako. Katika bao la Kiswahili lenyewe kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa nyumbani, na 22 hubaki mkononi, zikiingia moja moja wakati wa kunamua. Katika bao la kujifunza hakuna kunamua: kete zote 64 zimo ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo. Omweso wa Waganda nao una mashimo 32 na kete 64, ingawa sheria zake ni nyingine, kwa hiyo tutakayosema yanawahusu na wao.

Swali ni hili. Kete zote 64 zikiwamo ubaoni, zinaweza kukaa katika mashimo 32 kwa mikao mingapi tofauti? Hatuulizi kama mkao unaweza kufikiwa kwa kucheza kwa kanuni. Tunahesabu mikao yote, hata ule wa mtu aliyerundika kete zote katika shimo moja na kwenda zake.

Kuhesabu hakuhitaji ufundi mkubwa. Wazia mashimo 32 kama vyumba 32 vilivyojengwa mfululizo. Vyumba 32 vina kuta za kati 31. Panga basi kete 64 na vijiti 31 katika mstari mmoja, kijiti kikiwa badala ya ukuta. Kete zilizo kabla ya kijiti cha kwanza ni za shimo la kwanza, zilizo kati ya cha kwanza na cha pili ni za shimo la pili, na kuendelea. Vijiti viwili vikigusana, shimo hilo ni tupu. Kila mkao wa ubao una mstari wake, na kila mstari una mkao wake. Kwa hiyo tunachouliza ni kwamba kati ya nafasi 95 tunaweza kuchagua nafasi 31 za vijiti kwa njia ngapi.

Jibu la swali la namna hiyo huandikwa kama sehemu. Kiasi, yaani juu, ni 95 mara 94 mara 93, ukishuka hadi 65. Asili, yaani chini, ni 31 mara 30 mara 29, ukishuka hadi 1. Juu kuna namba 31 na chini kuna namba 31. Ukifupisha sehemu hiyo, asili yote inaisha na unabaki na namba kamili:

9,900,582,591,005,555,469,968,805.

Hiyo ndiyo namba ya bao. Anayetaka kuitamka aseme ni karibu kumi milioni za milioni za milioni za milioni. Kama watu bilioni nane wa dunia nzima wangekaa kila mmoja na ubao wake, wakapanga mkao mpya kila sekunde bila kulala na bila kurudia wa mwenzao, wangehitaji karibu miaka milioni 39 kuimaliza mikao yote. Alex de Voogt, mtafiti Mholanzi, aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar katika miaka ya 1990 na kuandika jinsi wanavyokokotoa vichwani mwao. Ukiiangalia namba hii unaelewa kwa nini alivuka bahari kwa ajili ya wazee waliokaa barazani.

Ukubwa peke yake, hata hivyo, haupendezi sana. Mtu yeyote anaweza kuandika namba kubwa; ni suala la wino. Tulichokitaka ni tabia za namba hii, na ya kwanza tuliyowauliza watoto wa Winson Green ilikuwa rahisi: ni shufwa au witiri?

Walijibu shufwa, wote kwa pamoja, na ni jibu ambalo mtu yeyote mwenye akili angelitoa. Safu ni nne. Mashimo ni manane kila safu. Jumla ya mashimo ni mbili kipeo cha tano, na kete ni mbili kipeo cha sita. Kila kitu ndani ya bao ni mbili na uzao wa mbili. Lakini tazama tarakimu ya mwisho: 5. Namba ni witiri. Bao zima limejengwa kwa mbili, na idadi ya mikao yake haigawanyiki kwa mbili.

Kwa nini? Hapa kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya karani: hesabu mara ngapi mbili inaingia katika kiasi, na mara ngapi katika asili. Juu inaingia mara 26. Chini inaingia mara 26. Zinafutana, hakibaki kitu. Ni kweli, lakini haimwambii mchezaji lolote.

Njia ya pili tulimfanyia mtoto mmoja kwa kete nne na mashimo mawili. Kete nne katika mashimo mawili zina mikao mitano: nne na sifuri, tatu na moja, mbili na mbili, moja na tatu, sifuri na nne. Badilisha kushoto kuwa kulia. Wa kwanza unakuwa wa mwisho, wa pili unakuwa wa nne. Hao ni mapacha. Mbili na mbili ukibadilisha inabaki mbili na mbili. Mtoto huyo, ana miaka 11, alituangalia kana kwamba tumeuliza jambo la wazi mno, akasema, “Mbili mbili haina mwenzake.”

Sasa fanya hivyo kwa ubao mzima, kama mtu anayekunja mkeka. Kunja mara ya kwanza katikati yetu wawili, ili yaliyo kwangu yaende kwako na yaliyo kwako yaje kwangu. Karibu kila mkao utakupa mkao mwingine, na ukirudia utarudi ulikoanzia. Hao ni mapacha, na kwa kuwa wanakuja wawili wawili, jumla yao ni shufwa. Waweke kando, hawawezi kubadilisha jibu. Wasio na pacha ni mikao ile tu ambayo upande wangu unafanana na wako, shimo kwa shimo. Katika mikao hiyo kila mmoja ana kete 32, na ukishajua za kwangu umejua na za kwako. Kwa hiyo swali limepungua nusu: kete 32 katika mashimo 16.

Kunja tena, safari hii mkono wa kushoto uje juu ya wa kulia. Mapacha kando. Wanaobaki ni kete 16 katika mashimo manane. Kunja tena hivyo hivyo: kete nane katika mashimo manne. Tena: kete nne katika mashimo mawili, moja la safu ya mbele na moja la safu ya nyuma, na hapo tumeshafika kwa mtoto wetu. Kunja mara ya tano, mbele juu ya nyuma: kete mbili katika shimo moja. Kete mbili katika shimo moja zina mkao mmoja tu.

Basi namba ya bao ni mapacha wote, ambao ni shufwa, ukiongeza mmoja. Ni witiri.

Na huyo mmoja ni nani? Kunjua mkeka. Shimo moja lenye kete mbili linakuwa mashimo mawili ya kete mbili mbili, yanakuwa manne, manane, 16, 32. Kila shimo lina kete mbili. Katika mikao ile yote, milioni za milioni za milioni za milioni, unaobaki baada ya kukunja mara tano ni mkao wa kuanzia bao la kujifunza, ule ambao kila mtoto anaupanga kabla hajajua kanuni hata moja. Sisi hatujui hoja ya hisabati inayoweza kufaa zaidi kwa Kiswahili kuliko hii. Kwa Kiingereza ingebidi kwanza tueleze ubao, kisha kete, kisha kwa nini mtu akunje mkeka.

Tulisema namba hii si tasa. Vigawo vyake tasa ni hivi: 3, 5, 11, 13, 17, 19, 23, 37, 41, 43, 47, 67, 71, 73, 79, 83 na 89. Ni 17, na kila kimoja kinaingia mara moja tu. Hakuna kinachojirudia, kwa hiyo hakuna namba yenye kipeo cha pili, si 9 wala 25 wala 121, inayoigawanya. Anayetilia shaka ajumlishe tarakimu zake: jumla ni 123, inagawanyika kwa 3 na haigawanyiki kwa 9.

Orodha hiyo inasomeka kama sensa ya mtaa. Wakubwa sita, kuanzia 67 hadi 89, wamo kwa lazima, maana wapo juu katika kiasi na asili haina kitu cha kuwafuta, kwa kuwa inaishia 31. Halafu kuna pengo: 53, 59 na 61 hawamo kabisa, kwa sababu ni wadogo mno kufika 65 na wakizidishwa kwa mbili wanapita 95. Wale wa katikati, 37, 41, 43 na 47, wameingia kwa migongo ya 74, 82, 86 na 94. Wa 29 na 31 walikuwapo juu, ndani ya 87 na 93, wakakutana na wenzao chini wakafutana. Saba iliingia mara nne juu kupitia 70, 77, 84 na 91, ikafutwa mara nne chini na 7, 14, 21 na 28. Mtu mwenye penseli anaweza kuyakagua yote haya kabla chai haijapoa, na tunamwomba afanye hivyo badala ya kutuamini.

Kutoka hapo idadi ya vigawo vyote, tasa na visivyo tasa, inapatikana bila jasho. Kigawo chochote kinatengenezwa kwa kuamua, kwa kila mmoja wa wale 17, aingie au asiingie. Ni maamuzi 17 ya ndiyo au hapana, kwa hiyo vigawo ni mbili kipeo cha 17, yaani 131,072, ukihesabu 1 na namba yenyewe. Mbili iliyofukuzwa mlangoni imerudi kupitia dirishani.

Sharti tuseme jambo moja ili wanahisabati miongoni mwa walimu wetu wasituone tumelewa. Namba hii ni kubwa lakini si ngumu. Tulijua ilikozaliwa, na anayejua uzao wa namba anapata vigawo vyake bila shida. Linganisha na 147,573,952,589,676,412,927, ambayo ni mbili kipeo cha 67 ukitoa moja. Ina tarakimu 21, ni ndogo kuliko ya bao zaidi ya mara 67,000. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba si tasa, lakini hakutaja kigawo chake hata kimoja. Ilichukua miaka 27 zaidi. Oktoba 1903, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni, akaikokotoa namba hiyo, kisha akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno hata moja, akarudi kukaa, na ukumbi ukampigia makofi. Inasimuliwa pia kwamba alipoulizwa baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Ugumu huo ndio unaotulindia fedha. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walitangaza njia ya kufunga siri kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa na kuitoa hadharani namba inayopatikana. Clifford Cocks, wa idara ya siri ya mawasiliano ya Uingereza, alikuwa ameigundua njia kama hiyo mwaka 1973, lakini kazi yake ilifichwa hadi 1997. Kuzidisha ni rahisi, kurudi nyuma kutafuta vigawo ni balaa. Kufuli za jinsi hiyo zinatumika hadi leo katika intaneti, na mzazi wa Winson Green anayetuma pesa Bukavu kwa simu huenda anategemea ukweli huo bila kuujua.

Lakini turudi kwa Cole, maana tunajua atatumiwa dhidi yetu. Mtu atasema: kama hisabati inaweza kufanywa kimya kimya, mbona mnapigania lugha? Tunamjibu kwamba waliompigia Cole makofi walikuwa wameshafundishwa. Miaka mingi kabla ya hapo kila mmoja wao alielezwa kwa lugha anayoielewa nini maana ya kigawo. Ukimya ni anasa ya waliokwisha kuelewa. Mtoto anayeanza anahitaji maneno, na anahitaji yawe maneno ambayo hayamzuii mlangoni.

Na maneno yapo. Msomaji arudi juu atazame tuliyoyatumia: shufwa, witiri, tasa, kigawo, kipeo, kiasi, asili. Hatukubuni hata moja. Yote yamo katika hisabati ya shule ya msingi Tanzania, pamoja na KDS na KKS ambazo zilitutoa jasho darasa la tano. Witiri ni jina la swala ya usiku ambayo rakaa zake hazigawanyiki wawili wawili, na bibi zetu wa pwani ambao hawakukanyaga shule wanaijua maana yake barabara. Tasa tumeichukua kutoka kwa mwanamke asiyezaa, na hapo tuna ugomvi kidogo na waliolichagua, kwa sababu namba tasa ndizo zinazozaa namba nyingine zote. Huo nao ni mjadala wa kutosha makala nzima, na ungefaa kuchapishwa wapi kama si katika ukurasa ule unaotaka kufutwa?

Tatizo basi liko kwingine. Mtoto anajifunza maneno haya kwa miaka saba, kisha anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa ayasahau. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini hawakupita watu wengi. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Ukiwauliza wanachama wetu wangapi wameifungua, tunahofia utahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sisi wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama hapa. Tunafundishwa shairi la Muyaka bin Haji kuhusu bao, tunakagua vina na mizani, tunapata alama nzuri, na hakuna anayeuliza ubao wenyewe una mikao mingapi. Hatuna haja ya kumwita Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri Shakespeare na kupenda bao pia, aje atuamulie kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kichwa kimoja.

Hatusemi kila neno lipo. Kwa namba isiyo tasa hatujapata neno moja ambalo sote watatu tunaliafiki. Mmoja wetu anapendelea “namba zao”, mwingine anasema hilo linanuka shamba la korosho, na wa tatu anaona “isiyo tasa” inatosha kwa kuwa inaeleweka. Hatuna pia neno fupi la namba ambayo vigawo vyake tasa havijirudii. Lakini neno la kitaalamu halizaliwi kamatini. Huzaliwa mtu anapolihitaji katikati ya sentensi, akalijaribu, mwenzake akalikataa, wa tatu akaleta jingine. Jarida la wanafunzi ni mahali pazuri pa kazi hiyo, kwa sababu tukikosea hakuna mtihani unaoharibika.

Watoto wa Winson Green wametufundisha jambo ambalo hatukulitarajia. Wanajua hisabati yao kwa Kiingereza na wanaijua vizuri. Kiswahili kwao ni lugha ya kuitwa kula, kukaripiwa na kuzungumza na nyanya kwa simu. Siku ya bao, yule wa miaka 11 alirudi nyumbani akamweleza mama yake kwa nini mbili mbili haina mwenzake. Mama alitusimulia Jumamosi iliyofuata kwamba ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kumfundisha kitu cha shule na yeye akakielewa chote. Kwa miaka yote, madaftari yalikuwa yakirudi nyumbani katika lugha ambayo mama anaifuata kwa shida. Hatujui kama Kiswahili kitafundisha hisabati chuo kikuu wakati wa uhai wetu. Ila tunajua nyumba moja ambamo mama na mtoto walibishana kuhusu namba witiri usiku kucha, na tungependa ziwe nyingi.

Tunaiomba kamati iuache ukurasa mahali pake. Matoleo matatu matupu yanatuambia kwamba hatukuandika; hayatuambii kwamba haiwezekani. Tunapendekeza pia kwamba kila makala ya ukurasa huo isomwe na watu wawili kabla ya kuchapishwa, mwalimu mmoja wa lugha na mwanafunzi mmoja wa hisabati, ili mmoja atusahihishe ngeli na mwingine atusahihishe hesabu. Kwa kuanzia, sisi tunajitolea kuujaza katika matoleo mawili yajayo.

Nasi tunatuma swali la kuanzia. Wiki iliyopita komwe mbili za mzee wa Tanga zilipotea chini ya radieta ya ukumbi, na kwa sasa watoto wanacheza na 62. Mashimo bado ni 32. Je, mikao ya kete 62 ni shufwa au witiri? Jibu lisizidi mistari kumi na lisiwe na hesabu ndefu, kwa kuwa mkeka unatosha. Majibu yatakayofika kabla ya mkutano wa kamati yasomwe kwa sauti mbele ya wajumbe, kisha ndipo wapige kura.